Siku Moja ya Nagenda

Jumamosi ya tarehe 7 Juni 1975, kwenye uwanja wa Lord's jijini London, Sunil Gavaskar wa India alilinda vijiti vyake kwa ova zote 60, yaani mafungu yote ya mipira ya zamu ya timu yake, na akatoka na mikimbio 36. Alipokea mipira 174. Uingereza ilikuwa imeshapata 334, kwa hiyo India ilikuwa na deni la kulipa upesi, lakini Gavaskar alicheza kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Mashabiki wa India walichoka, wengine wakaingia uwanjani kumsihi apige. India ikashindwa kwa tofauti ya mikimbio 202. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume.

Siku hiyohiyo, kwenye uwanja wa Edgbaston mjini Birmingham, Mganda mwenye umri wa miaka 37 alikuwa akiirushia mpira timu ya Afrika Mashariki dhidi ya New Zealand. John Nagenda alirusha ova 9. Wapinzani walivuna kwake mikimbio 50, naye akamtoa mpigaji mmoja. Ilipofika zamu ya Afrika Mashariki kupiga, ova 60 ziliisha kabla ya zamu yake, kwa hiyo gongo hakulishika. Mechi mbili zilizofuata hakupangwa. Kombe lililofuata, timu yake haikuwamo. Maisha yake yote ya kriketi ya Kombe la Dunia yalianza asubuhi ile na kuisha jioni ileile.

Gavaskar naye aliamka kesho yake akiwa na nafasi. Siku nne baadaye, mjini Leeds, alipata mikimbio 65 bila kutolewa, na walioipata joto ya jiwe ni hao hao Afrika Mashariki. Aliendelea hadi 1987, akacheza mechi 125 zile ndefu za siku tano, akakusanya humo mikimbio 10,122, mtu wa kwanza duniani kuvuka elfu kumi. Ile 36 ya Lord's leo ni kichekesho cha kusimuliana, doa dogo kwenye kanzu ndefu. Lakini tuseme angepewa siku ile tu. Angebaki kwenye vitabu kama yule Mhindi aliyesinzia Lord's, na sisi tungesema kwa uhakika kabisa kwamba hakuwa na kiwango.

Tukimsifu mchezaji aliyedumu, tunasifu kipaji, nidhamu na pumzi. Kuna kitu cha nne ambacho hatukitaji: idadi ya siku mbaya alizoruhusiwa kuwa nazo. Mimi naanza kuamini kwamba hicho cha nne ndicho kinachoamua zaidi.

Nagenda ni mfano wa kuudhi, kwa sababu nje ya uwanja hakuwa mtu wa siku moja hata kidogo. Alizaliwa mwaka 1938 huko Gahini, Rwanda, mtoto wa William Nagenda, mhubiri aliyesikika Afrika Mashariki nzima katika uamsho wa Walokole. Alisoma Makerere katika kizazi cha akina Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1973 alitoa kitabu cha watoto, Mukasa, na mwaka 1986 riwaya, The Seasons of Thomas Tebo. Serikali ya Museveni ilipounda tume ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu uliofanyika Uganda, yeye alikuwa mmoja wa wajumbe. Baadaye akawa mshauri wa Rais na mwandishi wa safu ya gazetini iliyowakera watu wengi kila wiki, jambo ambalo nadhani alilifurahia. Alifariki Machi 2023.

Mtu huyu aliishi na fani mbili zenye sheria tofauti kabisa. Mwandishi anapewa rasimu. Ukurasa mbaya unachanwa, sura nzima inafutwa, na msomaji hajui kamwe kwamba mwezi uliopita shujaa wa riwaya alikuwa na jina jingine na alikufa mapema. Mrushaji hana kikapu cha taka. Mpira ulioponyoka mkononi umeshahesabiwa, na mwandika mabao pembeni ameshautia wino. Rasimu yake ya kwanza ndiyo iliyochapwa, na hakukuwa na toleo la pili.

Timu ile nayo ilikuwa kitu cha ajabu. Ilibeba jina la nchi isiyokuwepo. Wachezaji 14 walitoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha akiwa Harilal Shah wa Kenya. Hakukuwa na aliyekuwa akilipwa kucheza. Walikuwa watu wenye kazi zao waliocheza mwisho wa wiki, na sasa walisimama mbele ya watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. New Zealand walipata 309, Glenn Turner peke yake akipiga 171 bila kutolewa, idadi ambayo hakuna mtu aliyeifikia katika mechi za kimataifa za siku moja mpaka Kapil Dev alipoipita mwaka 1983. Afrika Mashariki walijibu kwa 128, Frasat Ali akijitahidi kufika 45. Mbele ya India walipata 120. Mbele ya Uingereza walitolewa wote kwa 94, na John Snow akachukua wiketi 4, yaani akatoa wapigaji wanne, kwa mikimbio 11 tu.

Shiraz Sumar wa Tanzania alicheza mechi ileile ya Birmingham, na kwake pia ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Don Pringle wa Kenya alicheza mbili. Oktoba mwaka uleule alifariki kwa ajali ya gari Nairobi. Mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, aliichezea Uingereza mechi 30 za siku tano na akaingia fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1992. Jina lilelile na mkono wa kurushia uleule wa ukoo, ila mtoto alikulia mahali ambapo ukicheza vibaya Jumatano unacheza tena Jumamosi.

Na mtu wa kulipwa alikuwepo, ila hakuwa kwenye timu. John Solanky, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa mchezaji wa Glamorgan, kaunti ya Wales, katika miaka hiyohiyo ya 1970. Akina Sumar walipotua Uingereza, mtoto huyu wa Dar es Salaam alikuwa kule kule akila mshahara wa kriketi. Mchezaji wa kaunti hucheza karibu majira yote ya joto, wiki baada ya wiki, kwenye baridi, kwenye manyunyu, mbele ya wazee wachache na chupa zao za chai. Watu hudhani mshahara unamnunulia mchezaji muda wa mazoezi. Ni kweli, lakini kitu kikubwa zaidi unachomnunulia ni ruhusa ya kuboronga bila kufukuzwa siku hiyohiyo.

Naandika haya nikiwa Morogoro, na msomaji wa hapa ana haki ya kuniuliza kriketi inatuhusu nini. Mwaka 1975 mji huu ulikuwa na habari yake kubwa zaidi. Mseto ilitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania, ikazipita Simba na Yanga. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa Mseto. Mkoa ulingoja hadi Mtibwa Sugar ya Turiani ilipochukua kombe mwaka 1999 na kulirudia mwaka 2000. Waulize wazee waliokuwa vijana wakati wa Mseto, hawatakuambia kwamba ubingwa ule ulikuwa mfupi. Watakutajia kikosi, namba kwa namba, na watagombana kuhusu beki wa kushoto. Vivyo hivyo na Morogoro Jazz: mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na wenzake walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Hiyo nayo ilikuwa safari tu, wakarudi. Ila walirudi kwenye ukumbi uliojaa kila Jumamosi. Safari ya nje ilikuwa nyongeza juu ya mamia ya usiku ambao hakuna aliyekuwa akiuhesabu, na baadhi ya usiku huo bila shaka gitaa lilikuwa halijakaa sawa na wachezaji wakaendelea kucheza tu.

Kriketi ya Tanzania ilikosa huo ukumbi. Kuna mzee mmoja wa hapa mjini, duka lake la vitambaa liko karibu na soko kuu, ambaye juu ya rafu ya vitenge ameweka gongo la kriketi. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, nikamwomba nilishike. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na limekuwa jeusi kwa mafuta ya kitani yaliyopakwa miaka na miaka ili mti usipasuke. Uzi uliofungwa mpinini ulikuwa umefumuka upande mmoja na kufungwa tena kwa kamba ya kushonea magunia. Katikati ya ubapa, mahali mpira unapotakiwa kugonga, hapakuwa na alama nyingi. Alama zilijaa ukingoni.

"Unaona, kijana wangu?" aliniambia, akicheka. "Pembeni kote. Katikati ni siku za sikukuu tu."

Nikamuuliza walikuwa wakicheza na nani. Akasema walicheza wao kwa wao, jumuiya kwa jumuiya, na mara mojamoja wakisafiri Dar es Salaam. Vijana wa mtaani je? Walikuwa wakirudisha mpira ukitoka nje ya ua, akasema, halafu akanyamaza kidogo na kuongeza, "Walikuwa na mkono mzuri sana wa kurusha."

Jibu hilo limenikaa. Mchezo ulikuwa ndani ya ua, na ua huo ulikuwa wa pande mbili: wenye nacho hawakuwaita waliokuwa nje, na waliokuwa nje waliuona kuwa mchezo wa wengine. Kisha mwaka 1971 Tanzania ikataifisha majumba ya kupangisha, na mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda. Familia zikafunga mizigo kuelekea Uingereza na Kanada. Katika vitabu vya historia hayo huandikwa kama habari ya mali na uraia, na ndivyo ilivyo hasa. Lakini klabu nazo zilipoteza walimu, marefa na watoto wao kwa mkupuo, na hakuna aliyekuwa ameandaliwa kushika nafasi zao, maana wale wenye mkono mzuri walikuwa bado nje ya ua. Nagenda, Mwafrika aliyeujua mchezo huu vilivyo, alionyesha kuwa lingewezekana. Mwenzake wa Uganda Samuel Walusimbi alionyesha vilevile. Walikuwa wachache mno.

Linganisha na Sri Lanka. Mwaka 1975 nao walialikwa kama wageni, sawa na Afrika Mashariki, na nao walishindwa mechi zao zote. Tofauti ni kwamba nyuma yao kulikuwa na shule zilizokuwa zikipambana kwa kriketi tangu karne ya 19. Walirudi mwaka 1979, wakaishinda India. Mwaka 1996 walikuwa mabingwa wa dunia. Kwao ile 1975 ikawa rasimu. Timu ya Afrika Mashariki, tangu 1979 nafasi zilipoanza kugombewa kwa mechi za kufuzu, haikufuzu tena. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, lakini timu ya kriketi yenye jina hilo iliendelea kujitokeza hadi miaka ya 1980, kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba harusi imeahirishwa. Mwaka 2001 ndipo Tanzania ikawa mwanachama wa baraza la kriketi la dunia kwa jina lake yenyewe.

Kuna mtu wa pwani ambaye hadithi yake inaonyesha upande wa pili. Aasif Karim wa Mombasa alikuwa amestaafu tangu Kombe la Dunia la 1999, ambako alikuwa nahodha wa Kenya. Mwaka 2003 aliitwa tena, akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, alirusha ova 8 na mipira 2 dhidi ya Australia, mabingwa wa dunia. Alitoa mikimbio 7 tu na akachukua wiketi 3, ya Ricky Ponting ikiwemo. Wengi wanaisimulia kama muujiza wa mzee. Mimi sioni muujiza. Naona mtu aliyewahi kupigwa vizuri tu katika mechi nyingi za nyuma, na kila mara akaitwa tena, mpaka mkono ukajua la kufanya hata akili ikiwa imeshastaafu.

Upande wetu sasa tuna vya kuanzia. Oktoba 2008 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa daraja la nne la ligi ya dunia, na waliotwaa kombe ni Waafghani waliokuwa hawajulikani na mtu. Mwaka 2010 walikuwa kwenye Kombe la Dunia la ova 20. Kinondoni kwao kilikuwa kituo, na walipita. Vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 nao walifuzu mwaka 2025 kucheza Kombe la Dunia la umri wao la 2026, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nilifurahi, kisha nikawaza kuhusu wale watakaopangwa mechi moja tu. Na nikawaza kuhusu wasichana wa Mali waliotolewa na Rwanda kwa mikimbio 6, timu nzima, mjini Kigali mwaka 2019. Dunia iliwacheka kwa siku mbili. Ningependa kujua kama kuna aliyewaandalia mechi nyingine mwezi uliofuata. Hilo ndilo swali la maana kuhusu ile sita.

Huku milimani tatizo la kiwanja ni la zamani zaidi ya kriketi. Uluguru haina tambarare ya kugawa. Wakoloni walipowalazimisha watu kukata mashamba yao kuwa ngazi, Waluguru wa Matombo walikataa kwa nguvu mwaka 1955 na mpango ukafa. Kwa mchezo unaodai kipande bapa cha mita 20 katikati ya uwanja, ni shida kidogo. Watoto wa Mgeta hawajali. Uwanja wao wa mpira umeinama, kipindi cha kwanza timu moja inapanda na nyingine inashuka, kisha wanabadilishana, na haki imetendeka.

Likizo moja nilitazama kombe la mbuzi huko. Timu moja ilikuwa imetoka kijiji cha juu zaidi. Waliteremka alfajiri kwa miguu, viatu vimening'inizwa shingoni ili visiharibike. Kipa wao alikuwa mvulana mrefu mwenye jezi ya kike ya netiboli, namba imetolewa na alama ya gundi imebaki. Mechi yao ya kwanza iliisha bila bao, ikaenda kwenye mikwaju ya penalti. Yule kipa alidaka miwili. Wa tatu alimpitia katikati ya miguu, watu wakaangua kicheko, na kombe kwao likaishia hapo, kwa sababu mashindano yalikuwa ya mtoano. Saa tano asubuhi walikuwa wameshaanza kuupanda mlima. Mbuzi alikuwa bado anakula majani kando ya goli, na fainali ilikuwa keshokutwa.

Sikumbuki nani alimpata yule mbuzi. Nakumbuka nilimsikia mwandaaji mmoja akisema kipa yule angefaa timu ya wilaya, na mwenzake akamjibu kwamba ameonekana mara moja tu, huwezi kumjua mtu kwa mara moja. Alisema kweli, na wao ndio walioipanga hiyo mara moja.

Basi ombi langu ni kwa wenye kuandaa makombe ya likizo, kuanzia Mgeta hadi Kinole na kule Turiani, yawe ya soka, netiboli au, Mungu akijalia kiwanja, kriketi. Acheni mtoano. Gawanyeni makundi ya timu nne nne, kila timu icheze angalau mara tatu kabla ya kufunga virago, na kwenye timu za watoto kila aliyesajiliwa aingie uwanjani walau mara mbili. Itawagharimu siku moja au mbili za ziada, chokaa ya kuchorea mistari, na uji wa watoto waliotoka mbali.